Valvu na Spika: Namna ya Kuzipatanisha Bila Kuunguza Transfoma

Fundi aliyezoea amplifaya za transista ana kanuni moja kichwani: usizidishe spika. Ukiziunga nyingi sambamba, omu zinashuka, amplifaya inatoa mkondo kupita uwezo wake na transista zinaungua. Ukiiwasha bila spika hata moja, haina neno. Ichukue kanuni hiyo uipeleke kwenye amplifaya ya valvu, utaiunguza huku ukiamini umefanya sawa. Kwenye valvu, cha kuogopwa kwanza ni spika kukosekana.

Amplifaya hizi bado zipo kazini. Wapiga gitaa wanazitafuta Fender, Marshall na Vox, na wapenzi wa santuri wanazitunza Quad na Dynaco za tangu miaka ya 1950 na 1960. Sauti ikianza kuchoka, mwenye nayo hukimbilia kununua valvu "pacha" za bei kubwa, wakati spika hajaipima na bayasi, yaani mpangilio wa mkondo wa valvu ikiwa imetulia, hajaigusa. Mpangilio wenye faida ni huu: pima spika, hesabu mzigo, ndipo ununue valvu, kisha umalize na bayasi. Kila hatua inaitegemea iliyotangulia.

Transfoma haina omu zake

Valvu ya nguvu hufanya kazi kwa volti nyingi na mkondo mdogo. Anodi ya EL34 huwa na volti 400 na zaidi, lakini amplifaya ikiwa imetulia hupitisha miliampea 30 au 40 tu. Spika ni kinyume: inataka volti chache na mkondo mwingi. Kati yao imewekwa transfoma ya sauti, nayo inafanya kazi ya gia ya baiskeli: nguvu ya mguu haiongezeki, inabadilishwa tu ili ilingane na barabara.

Upande wa valvu una mizunguko mingi ya waya mwembamba, upande wa spika una michache ya waya mnene. Uwiano wa mizunguko hiyo ukiuzidisha kwa wenyewe, unapata uwiano wa omu. Mathalani, transfoma yenye mizunguko 20 upande wa valvu kwa kila mmoja wa upande wa spika ina uwiano wa omu wa 400 kwa 1. Ukiifunga spika ya omu 8, valvu zinaona 3,200. Ukiifunga ya 16, zinaona 6,400. Ya 4, zinaona 1,600. Transfoma ni ileile, waya ni uleule, ila mzigo wa valvu umeongezeka mara mbili au umekatika nusu.

Ndiyo maana namba iliyoandikwa nyuma ya amplifaya, 4 au 8 au 16, si kipimo cha transfoma. Maana yake ni kwamba ukifunga spika ya omu hizo kwenye jeki hii, valvu zitapata mzigo aliokusudia mbunifu.

Historia ya Marshall inaonyesha jambo hili vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, duka la Jim Marshall huko Hanwell, magharibi mwa London, lilitengeneza JTM45 kwa kuifuata karibu hatua kwa hatua saketi ya Fender Bassman ya Marekani. Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10, kila moja omu 8, zote sambamba, yaani omu 2. Marshall waliendesha boksi la spika nne za inchi 12 lenye omu 16. Saketi zinafanana, lakini transfoma ya Bassman ukiifunga kwenye boksi la omu 16, valvu zake zinaona mzigo mara nane ya uliokusudiwa.

Mzigo ambao kila valvu inautaka

Amplifaya nyingi za nguvu ni za mtindo wa sukuma-vuta: valvu mbili, au jozi mbili, zinapokezana, moja ikisukuma nusu ya wimbi na nyingine ikivuta nusu ya pili. Mzigo wake hupimwa kutoka anodi hadi anodi. Namba hizi zinakubalika kwa valvu mbili:

- EL84: omu 8,000 hivi.
- 6V6: kati ya 6,600 na 8,000.
- 6L6GC: kati ya 4,000 na 6,600, kutegemea volti za anodi.
- EL34 kwenye amplifaya ya gitaa: 3,400 hivi.

Valvu zikiwa nne, gawa namba hizo kwa mbili, kwa kuwa kila upande sasa una valvu mbili sambamba. Amplifaya ya wati 100 yenye EL34 nne inataka omu 1,700 hivi.

Usizichukulie namba hizi kuwa sheria isiyopinda. Valvu moja inaweza kutakiwa mizigo tofauti kulingana na namna ilivyofungwa. Williamson, Mskoti aliyechapisha amplifaya yake mashuhuri katika jarida la *Wireless World* mwaka 1947, alizifunga KT66 mbili kwa mtindo wa triodi, yaani gridi za skrini zikiungwa na anodi, na kuzipa omu 10,000. Miaka 12 baadaye Dynaco waliitoa Stereo 70 yenye EL34 mbili kwa kila chaneli, wakazipa 4,300 kwa sababu gridi za skrini zilichukua sehemu ya ishara kutoka kwenye transfoma. Kwa amplifaya iliyotoka kiwandani, fuata ya kiwanda.

Pima spika, usiamini kibandiko

Spika hubadilishwa, boksi hufungwa upya, kibandiko kikabaki cha zamani. Chomoa waya wa spika kwenye amplifaya, weka mita kwenye omu ndogo kabisa, pima kwenye ncha na shina la plagi. Mita hutumia umeme wa betri, kwa hiyo inasoma ukinzani wa waya wa koili peke yake, ambao ni mdogo kuliko impidansi iliyoandikwa, yaani omu za spika muziki ukipita. Spika ya omu 4 husoma 3 na kitu, ya 8 husoma 6 hadi 7, ya 16 husoma 12 au 13. Ukipata 6.4, usiseme "ni spika ya omu 6". Ni ya 8.

Hata hiyo 8 ni ya kutajwa tu. Spika ikicheza, impidansi yake hupanda na kushuka kulingana na sauti inayopita. Kwenye mlio wake wa asili, ambao kwa spika nyingi za gitaa uko karibu na hezi 75 hadi 100, inaweza kupita omu 30, na kwenye sauti nyembamba hupanda tena. Kwa hiyo kubishania tofauti ya nusu omu hakuna maana. Kinachotafutwa ni kuwa kwenye ngazi sahihi: 4, 8 au 16.

Boksi la spika nyingi lina hesabu zake. Mbili za omu 8 sambamba ni 4. Zikifuatana kwa mfululizo ni 16. Nne za omu 16, mbili mbili zimefuatana kisha jozi zikaungwa sambamba, zinarudi kuwa 16. Ya 8 ikiungwa sambamba na ya 16 inatoa 5.3, na ya 8 itabeba wati mara mbili ya mwenzake.

Chukua boksi la spika nne la omu 16. Mita ingetakiwa kusoma 12 au 13. Ikisoma 25 hivi, usikimbilie kusema mita ni mbovu. Spika moja imekatika koili, na imeinyamazisha pia ile iliyofungwa nayo kwa mfululizo. Zinazolia ni mbili tu, na amplifaya sasa inabeba omu 32. Sikio linaweza lisigundue, kwa sababu sauti bado ipo. Weka kiganja taratibu kwenye kila koni huku mwenzako akipiga nyuzi nene kwa sauti ya chini, mbili hazitatikisika. Kisha zitoe spika hizo mbili kwenye waya na uzipime moja moja. Isiyosoma chochote ndiyo iliyokufa.

Angalia na waya wenyewe. Waya wa gitaa, ule wenye uzi mmoja mwembamba katikati na wavu kuuzunguka, haufai kupeleka nguvu kwenye spika. Unapata moto, unakatika ndani, na siku utakapokatika amplifaya itakuwa inapigwa bila mzigo. Tumia waya wa spika wenye nyuzi mbili nene.

Omu zisipolingana

Spika ikiwa na omu nyingi kuliko jeki, mzigo wa valvu unapanda. Volti zinayumba kwa upana zaidi kwenye anodi, na anodi inapofika chini kabisa, gridi ya skrini ndiyo inayovuta mkondo badala yake. Skrini ni waya mwembamba. Haikuumbwa kubeba mzigo huo. Wakati huohuo vihami vya waya ndani ya transfoma vinabanwa na volti zaidi ya zilizokusudiwa.

Spika ikiwa na omu chache kuliko jeki, mzigo unashuka. Mkondo unaongezeka, anodi zinapata joto, nguvu inapungua, na valvu zinazeeka mapema. Transfoma kwa kawaida hupona, zinazoumia ni valvu.

Spika ikikosekana kabisa, sumaku ya transfoma inayojengwa kwa kila wimbi haina pa kwenda. Inaporomoka ghafla na kuzaa volti nyingi sana upande wa anodi. Cheche huruka pale zinapopata njia fupi, na kwenye soketi ya pini nane njia hiyo mara nyingi ni kati ya pini ya 3, ambayo ni anodi, na pini ya 2, ambayo ni ya hita. Ukiigeuza soketi ya namna hiyo chini ya taa utauona mstari mweusi mwembamba wa kaboni kati ya pini hizo. Kuusugua hakutoshi, maana kaboni inapitisha umeme na cheche itarudi. Soketi ibadilishwe.

Kwa hiyo linganisha. Ikikubidi kukosea kwa ngazi moja, mfano boksi la 8 kwenye jeki ya 4 au kinyume chake, amplifaya nyingi za gitaa zenye transfoma nzuri huvumilia usiku mmoja kwa sauti ya wastani. Zenye EL34 na volti nyingi usizifanyie hivyo kwa kuelekea juu. Ngazi mbili, yaani 16 kwenye 4, usijaribu.

Fender nyingi zina kinga: jeki kuu ya spika hujifunga shoti yenyewe plagi ikichomolewa, kwa sababu kwa valvu shoti ya muda mfupi ni afadhali kuliko kukosa mzigo. Kinga hiyo ina mtego wake. Ukichomeka boksi kwenye jeki ya nyongeza peke yake, jeki kuu inabaki imefunga shoti na husikii kitu. Anza na jeki kuu kila mara. Na kumbuka kwamba jeki hizo mbili huwa zimeungwa sambamba: Twin Reverb, ambayo spika zake mbili za omu 8 zinaipa omu 4, ukiiongezea boksi la omu 4 inabaki na 2.

Ukitoa valvu mbili kati ya nne

Watu wengi hutoa valvu mbili kwenye amplifaya ya wati 100 ili wapate kama 50. Inawezekana, mradi utoe moja kutoka kila upande wa sukuma-vuta. Kwenye Marshall na Fender nyingi za valvu nne, mbili za kushoto ni upande mmoja na mbili za kulia ni upande wa pili, kwa hiyo unatoa mbili za pembeni au mbili za katikati. Kwanza hakikisha kwa mita, amplifaya ikiwa imezimwa, imechomolewa ukutani na haina umeme uliobaki: pini za 3 za valvu za upande mmoja zinasoma sifuri kati yao.

Zilizobaki sasa zinataka mzigo mara mbili, 3,400 badala ya 1,700. Boksi la omu 16 lifunge kwenye jeki ya 8. Boksi la 8 kwenye jeki ya 4. Hili ndilo tukio moja ambapo namba ya boksi na namba ya jeki zinatakiwa zitofautiane.

Kabla hujafungua

Kutoka hapa kazi ni ya ndani. Kuna volti 300 hadi 500 za umeme wa moja kwa moja, na kapasita hubaki nazo hata plagi ikiwa mkononi mwako. Chomoa ukutani, subiri, pima kapasita kuu dhidi ya chasisi. Ukikuta umeme, umwage taratibu kupitia rezista ya omu 10,000 ya wati 5 iliyofungwa kwenye waya zenye vishikio vya plastiki, kisha pima tena. Bisibisi si kifaa cha kazi hiyo. Unapopima amplifaya ikiwa imewashwa, mkono mmoja uwe mfukoni. Kama hujawahi kugusa umeme mkali wa namna hii, ishia kwenye spika na umpe fundi sehemu iliyobaki.

Transfoma isiyo na maandishi

Ukikuta transfoma imebadilishwa na hakuna ajuaye ni ipi, uwiano wake unapatikana kwa adapta ndogo inayotoa umeme wa AC. Toa valvu zote za nguvu, chomoa spika, hakikisha kapasita hazina kitu. Peleka volti 12 za AC kati ya anodi na anodi, kisha pima upande wa spika. Usizipeleke kimakosa upande wa spika. Upande wa pili utapata mamia ya volti.

Tuseme mita inasoma volti 0.50. Gawa 12 kwa 0.50, unapata 24. Zidisha 24 kwa 24, unapata 576. Spika ya omu 8 itaonekana 4,608, ya 16 itaonekana 9,216. Kwa jozi ya 6L6 jeki hiyo ni ya omu 8. Kwa jozi ya EL84 ni ya 16.

Valvu pacha ni zipi

Kwenye sukuma-vuta, mikondo ya valvu mbili hupita kwenye nusu mbili za transfoma kwa mwelekeo unaopingana. Ikilingana, sumaku zake hufutana, chuma cha transfoma kikabaki huru kubeba muziki. Mngurumo wa umeme wa ukutani nao hufutana. Ikitofautiana sana, chuma kinaelemewa upande mmoja, besi inapungua na mngurumo unasikika. Transfoma za duara ndizo zinazoumia zaidi, kwa kuwa hazina mwanya wa hewa kwenye chuma chake.

Muuzaji makini hupima mkondo wa anodi kwa volti maalumu, na wengine hupima pia jinsi mkondo unavyobadilika gridi ikitikiswa. Omba namba zenyewe. Neno "matched" juu ya boksi bila namba halikuambii kitu, na valvu zilizopimwa kwa volti 250 zinaweza kutengana zikifika 450.

Kwa gitaa, tofauti ya miliampea 5 kati ya mbili haina madhara. Wapo wanaoipenda, kwa sababu inaacha harmoniki ya pili kidogo ambayo ulinganifu kamili ungeifuta. Kwa amplifaya ya santuri, kaza zaidi. Amplifaya ya valvu moja ya nguvu, kama Fender Champ, haihitaji pacha.

Zikiwa nne, kinacholinganishwa ni jumla ya kila upande. Tuseme umepata valvu za miliampea 30, 31, 36 na 37. Ukiziweka 30 na 31 upande mmoja, 36 na 37 upande wa pili, una 61 dhidi ya 73. Ziweke 30 na 37 kushoto, 31 na 36 kulia: ni 67 kwa 67. Hujatoa hata shilingi.

Bayasi

Kazi ya valvu mpya haijaisha mpaka zipimwe mahali pake. Kwenye amplifaya yenye bayasi ya kurekebishwa, rezista ya omu 1 kati ya kathodi na chasisi inarahisisha kila kitu: milivolti 1 ni miliampea 1. Namba hiyo inajumuisha mkondo mdogo wa skrini, kwa hiyo anodi iko chini yake kidogo.

Funga spika sahihi, sauti iwe sifuri, washa, ngoja dakika 10 au 15. Pima volti za anodi, zidisha kwa mkondo, unapata wati zinazogeuka joto. Kikomo cha EL34 ni wati 25, cha 6L6GC ni 30, cha 6V6GT za kisasa ni 14, cha EL84 ni 12. Kwa sukuma-vuta ya kawaida usipite asilimia 70. EL34 yenye volti 460 inapewa wati 17.5, yaani miliampea 38. Hiyo ni dari. Ukikaa kwenye 33 na sauti ikakuridhisha, valvu zitaishi zaidi. Kila ukigeuza bayasi pima volti upya, kwa kuwa mkondo ukipanda volti zinashuka.

Ikiwa valvu moja inasoma mbali na wenzake, zibadilishane soketi. Namba ikiifuata valvu, valvu ndiyo yenye kasoro. Ikibaki kwenye soketi ileile, tatizo ni la saketi: kapasita ya kupitisha ishara inayovuja, rezista ya gridi iliyokatika, au pini iliyolegea.

Amplifaya kama Vox AC30 na Fender Deluxe za miaka ya 1950 hujipa bayasi zenyewe kupitia rezista ya kathodi. Hakuna cha kugeuza, ila pima. Rezista ya omu 250 chini ya 6V6 mbili ikionyesha volti 20, mkondo ni miliampea 80, yaani 40 kwa kila moja. Toa 2 za skrini, zidisha na volti 320 kati ya anodi na kathodi: wati 12.2. Kwa mtindo huu ni halali, kwani hufanya kazi karibu na kikomo chake.

Zima taa ya chumba uziangalie. Rangi ya buluu kwenye kioo haina shida. Anodi, bati lile la kijivu, ikianza kuwa na doa jekundu, zima papo hapo. Ama bayasi imepotea, au mzigo ni mbaya, au valvu imekufa. Fyuzi ikikatika, weka ya kipimo kilekile. Kubwa zaidi inaiacha transfoma iungue badala yake.

Kubadilisha aina ya valvu

6L6 na EL34 zinaingia soketi moja, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. EL34 inataka pini ya 1 iunganishwe na pini ya 8. Kwenye Fender nyingi pini ya 1 ya soketi imetumiwa kushikia rezista ya gridi, kwa hiyo EL34 ikichomekwa hapo bila marekebisho haiko salama. Hita ya 6L6 hula ampea 0.9, ya EL34 hula 1.5. Valvu nne zitaongeza ampea 2.4 kwenye transfoma ya umeme ambayo haikuandaliwa. Bayasi na mzigo wake navyo ni vingine. Badilisha aina pale tu mtengenezaji aliporuhusu.

Umeme wetu

Namba zote hizi zinasimama juu ya umeme wa ukutani. Amplifaya iliyopangwa volti 220 ikichomekwa kwenye 240, kila kitu kinapanda kwa asilimia 9. Anodi za 460 zinafika 500, na hita za 6.3 zinafika karibu 6.9, ukingoni mwa asilimia 10 zinazovumilika. Kwa hiyo angalia kwanza swichi ya volti nyuma, weka kiwango cha juu kilichopo, na panga bayasi umeme ukiwa kwenye hali yake ya kawaida, si usiku unapokuwa umeshuka. Ya Marekani ya volti 120 inahitaji transfoma ya kushusha. Ikiwa ilitengenezwa kwa hezi 60 pekee, kwenye hezi 50 zetu transfoma yake ya umeme itapata joto zaidi. Ipe hewa, na ukiigusa baada ya saa moja iwe ya moto bila kuchoma.

Ukimaliza, andika kwenye karatasi ya gundi uibandike ndani ya kifuniko: tarehe, volti za ukutani, volti za anodi, miliampea za kila valvu, omu za boksi na jeki uliyotumia. Pima tena baada ya saa kadhaa za kupigwa, maana valvu mpya hutulia. Siku sauti itakapobadilika utakuwa na namba za kulinganisha. Zote zikiwa zimeshuka kidogo kwa pamoja, geuza bayasi. Moja ikiwa imeanguka kutoka 35 hadi 22, badilisha jozi yake. Na zikiwa palepale, acha valvu, rudi kupima spika.